Salama ya Kilo Sita

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kuitwa kwa mjumbe si ajabu. Ajabu ni kwamba mjumbe mwenyewe alikuwa ile mashine ya kupima moyo niliyolala nayo kiunoni.

Nilimkuta barazani, kwenye kiti cha plastiki, mwili wake haujazidi kipande cha sabuni ya kufulia. Amevaa kofia. Daftari la wageni liko mapajani mwake. Mapaja hakuwa nayo, lakini daftari lilikuwa mapajani hivyo hivyo.

"Karibu, Mama Mwajabu," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za tangu jana?"

"Salama."

"Na moyo?"

"Salama tu, namshukuru Mungu."

Akaandika. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Hiyo ni salama ya ishirini na moja," akasema. "Kumi na tisa ninazo hapa kwa mwandiko wako mwenyewe. Ndiyo maana umeitwa."

Kabla sijaendelea, nieleze kwa nini mtu mzima na akili zangu nililala na mashine, asije mtu akadhani nina mambo.

Nilizaliwa na tundu kwenye moyo. Sikulijua. Kwa miaka arobaini na sita nilijua tu kwamba mimi Mwantumu ni mtu wa pumzi fupi: kilima nakipanda kwa vituo, ngoma naicheza nimekaa. Na kigelegele sijawahi kukimaliza hata kimoja. Hilo liliniuma kuliko vilima vyote vya Morogoro. Siku ya ndoa ya dada yangu nilikianza vizuri, nikafika katikati, pumzi ikakata, na wanaume waliokuwa nje wakavua kofia wakidhani ndani kumeingia msiba. Tangu siku hiyo, mtaani kwetu mtu akianza jambo akalikatisha njiani wanasema kapiga kigelegele cha Mwantumu. Nacheka nao. Nikifika ndani, sicheki.

Mwaka huu daktari ndiye aliyeliona hilo tundu. Liko, akasema, kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo. Wiki tatu zilizopita wakaliziba bila kunipasua kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakaufikisha moyoni, wakaacha kule kifaa cha waya, mfano wa vifungo viwili vya koti vilivyoubana ukuta huku na huku. Jana Jumatano nikarudi kupimwa mapigo. Nesi Eufrasia akanibandika vibandiko saba kifuani, akaunganisha nyaya, akanifunga mashine kiunoni nikae nayo saa ishirini na nne. Akanipa na karatasi.

"Mama, hapa unaandika kila unachofanya, na pembeni unavyojisikia," akaniambia. "Ukisikia moyo unakwenda ndivyo sivyo, bonyeza hiki kitufe. Vinginevyo fanya shughuli zako kama kawaida. Usiilowanishe mashine. Na vitu vya kuzidi kilo tano bado hujaruhusiwa kubeba."

"Na harusi, mwanangu? Jumamosi naozesha."

"Tutaangalia mashine itasema nini, mama. Mapigo yakiwa sawa, unakwenda kwenye shughuli yako. Yakiwa hayaeleweki, dakta atakulaza siku mbili tatu tukuangalie."

Siku mbili tatu kuanzia Alhamisi zinaangukia Jumamosi. Hata mimi niliyeishia darasa la saba niliijumlisha hiyo.

Mwajabu ni mwanangu wa pekee. Ndoa ikishafungwa, anayefungua vigelegele ni mama wa bibi harusi, wengine wanafuata. Sasa nimezibwa tundu, nikasema nijijaribu mapema nisije kuumbuka mbele ya wakwe. Nimefikia hapa Temeke kwa mdogo wangu Shomari, na yeye na mkewe wametangulia Morogoro kwenye maandalizi, kwa hiyo nyumba nzima ni yangu. Saa nane mchana nikaingia bafuni, nikajitanda kanga mdomoni majirani wasisikie, nikapiga. Sijafika katikati, moyo ukatoka mbio. Ukagonga, ukaruka, ukagonga mara mbili za haraka, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa nimejishika kifua mpaka ukatulia.

Kitufe sikukibonyeza. Kwenye karatasi nikaandika: *Saa nane, nimekaa bafuni. Salama.*

Jamani, si kwamba mimi ni mwongo. Mtu akikuuliza hali, unajibu salama. Shida inakuja nyuma ya salama, ikibidi, mkishakaa. Ndivyo tulivyolelewa. Ile karatasi pale pembeni ilikuwa na nafasi ya neno moja tu, kwa hiyo salama ikaingia na shida ikabaki nje. Haya, turudi barazani.

"Wajumbe wa kamati mpo?" mashine akauliza.

Vibandiko saba vilikuwa vimepanga mstari kwenye benchi, vyeupe, kila kimoja na kishikizo chake cha chuma katikati ya uso.

"Tumeshikilia," wakajibu kwa pamoja.

"Mnasemaje kuhusu huyu mama?"

"Tumeshikilia."

"Kamati imesema," mashine akaniambia. "Mizani iletwe."

Ikaja mizani ya bucha, ile ya kuning'inia yenye ndoano, ikitembea yenyewe. Mashine akafungua karatasi yangu, akaanza kuchomoa salama moja moja kwa koleo na kuzitundika. Salama ya saa nne, nilipokunywa uji, haikuutikisa hata mshale. Salama ya saa tano, nilipofagia uani, ilikuwa nyepesi vilevile, ikapeperuka ikatua juu ya benchi na kibandiko kimoja kikaishikilia. Ile ya saa nane haikutoka kwa koleo. Walikuja wajumbe wanne kuivuta. Walipoitundika, mshale ukazunguka ukasimama.

"Kilo sita," mashine akasoma.

"Mizani hiyo mbovu," nikasema.

"Mizani ni ya Nesi Eufrasia. Wewe umeruhusiwa kilo ngapi?"

"Tano."

"Umeibeba hii tangu saa nane mchana. Umekula nayo, umeswali nayo, umelala nayo. Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua," kamati ikamalizia, na kuongeza, "Tumeshikilia."

Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha moto masikio. Nikauliza niishushe wapi.

"Irudishe ulikoitoa," mashine akasema. "Twende. Na ufanye kama kawaida. Atakayekwenda tofauti na kawaida yake naandika."

Basi tunakwenda kama kawaida. Mimi mbele na salama yangu begani, mashine nyuma na daftari, kamati imenishikilia kanga. Tunafika kwenye mlango wa bafu la Shomari. Nausukuma. Ndani hakuna bafu. Kuna ua mkubwa wa udongo mwekundu uliofagiwa, na katikati ya ua nyumba ya vyumba viwili chini ya bati moja, na bati lile linapanda na kushuka taratibu. Nikajua huu ni moyo wangu. Mtu hapotei kwao.

Nje ya mlango wa kushoto mwanamke mwembamba anakaanga maandazi. Nje ya mlango wa kulia mwanamke mnene kupita kiasi amekaa juu ya vigoda vitatu, anajipepea. Wamepeana migongo na kona ya nyumba iko baina yao.

"Hodi wenyewe," mashine akasema. "Nimekuja na mwenye nyumba. Habari za hapa?"

"Salama," akasema Bi Kushoto.

"Salama tu, baba mjumbe," akasema Bi Kulia.

"Hakuna tatizo lolote?"

"Aa, hamna. Salama."

Na papo hapo, ndani ya nyumba: *ko. Ko-ko.* Bati likaruka. Kifuani kwangu kukaruka vilevile, na salama ya begani ikaniegemea kwa nguvu.

"Hicho nini?" nikauliza.

"Hicho?" akasema Bi Kulia. "Hicho salama."

Mashine akanitazama. Alikuwa na taa moja tu ndogo ya kijani, na aliniangalia nayo yote. "Unaona wanavyoongea? Wamefundishwa na nani? Mimi nasikia milio, naandika milio. Dakta ataiona. Lakini sababu hataiona, maana sababu haina mlio. Inasemwa kwa mdomo, na hapa wenye midomo wote ni salama."

"Sasa nifanye nini?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba. Anza."

Nikaishusha salama yangu katikati ya ua. Ikatua kwa kishindo na kuku wawili wakakimbia. Nikakaa juu yake, maana mtu hasemi neno zito amesimama.

"Mimi ni salama," nikaanza, na mashine akainua kalamu yake ambayo sikuwa nimeiona. "Ila. Jana saa nane nilijifungia bafuni nikapiga kigelegele. Moyo ulikwenda mbio, nikaogopa, sikubonyeza kitufe, nikaficha. Naogopa watanilaza, mwanangu aolewe sipo. Na hiyo si yote. Naogopa wasiponilaza. Nitasimama mbele za watu, watanyamaza kunisubiri mimi, nitaanza, na kitakatika tena. Kitakatika mbele ya Mwajabu."

Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Nilipolisema nikaona kile nilichokalia kinapungua chini yangu. Nilipoinama kutazama, kilikuwa kimebaki kama andazi. Nikakiokota nikakitia mfukoni, maana kilo tano sasa hakizidi.

Bi Kushoto akaepua karai.

"Mwenye nyumba," akasema, "sisi tu salama. Ila."

"Ila," akasema Bi Kulia.

"Mnaogonga ni nyinyi?" nikauliza.

"Ni sisi."

Ndipo wakanieleza, kila mmoja kwenye pembe yake, na nilielewa vizuri kabisa. Tangu siku niliyozaliwa kulikuwa na tundu kwenye ukuta wa vyumba vyao. Bi Kushoto hupika chakula cha mwenye nyumba, yaani changu. Lakini kila akipika, mkono wa mwenzake huingia tunduni, na ujirani ni ujirani, hawezi kuuacha mkono wa mtu hewani. Akapitisha nusu. Miaka arobaini na sita, kila chungu, nusu tunduni. Bi Kulia akala, akanenepa, chumba kikamtanuka. Bi Kushoto akabaki mwembamba. Mimi nikala nusu shibe maisha yangu yote.

"Sikujua ni chakula chako," Bi Kulia akaniambia. Machozi yalimtoka. "Nilidhani mwenzangu ana moyo mkubwa."

"Moyo ni huu huu, tumo wote," akasema Bi Kushoto.

"Damu nzito kuliko maji," mashine akasema, halafu akapekua daftari. "Ila huyu siku hizi amepewa vidonge vya kuipunguza uzito. Naomba ifahamike."

"Tumeshikilia."

"Wiki tatu zilizopita," Bi Kushoto akaendelea, "tumeamka tundu halipo. Kuna mtu amekaa pale."

"Alipita wapi?"

"Kwa paja, wanasema. Tangu lini mgeni akapita kwa paja? Lakini hakuvunja kitu. Alipofika alijifungua pande mbili akakaa."

"Nikajua mwenzangu amekufa," akasema Bi Kulia. "Nikagonga. Hodi. Kimya. Na kila nikigonga nasikia mtu anagonga toka ng'ambo."

"Nilikuwa mimi, nikijua umekufa wewe."

"Hodi tatu, mtu asipoitikia, ondokeni," mashine akasema. "Kanuni mnaijua."

"Tungeondokaje na tunasikia mtu anapumua pale?"

Basi tumeingia ndani, kila mwenyeji kwa mlango wake na mimi upande wa kushoto, kumwona huyo anayepumua. Yuko ukutani, mviringo wa waya uliosukwa, na kwa kuwa ana nyuso mbili, moja kila chumba, alikuwa akinitazama huku na wakati huohuo akimtazama Bi Kulia kule. Ameanza kuota ngozi nyembamba pembeni, anakuwa mtu wa hapa. Kwa ujumla alionekana mgeni mwenye heshima zake aliyechoka.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Unagongwa sana?"

"Sana, mama. Mbele na nyuma. Jana saa nane waligonga wote kwa mpigo, nikajua naanguka."

"Kwa nini huitikii?"

"Nikiitikia karibu, watapita. Na mimi nimeletwa ili asipite mtu. Nisipoitikia, naonekana sina adabu. Nikaona bora ninyamaze, niseme salama moyoni."

Nikamwonea huruma, na nikacheka, kwa sababu hata mtu wa waya ukimweka kwetu wiki tatu anashika tabia zetu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe unalinda mlango uliozibwa. Kwetu mtu kama wewe hanyamazi na hafungui. Anasema: karibuni, ila njia si hapa, zungukeni mlango wa mbele. Sema."

"Karibuni, ila njia si hapa," akasema kwa nyuso zote mbili, kwanza taratibu, halafu kwa sauti. "Zungukeni mlango wa mbele!"

Kugonga kukakoma. Ng'ambo ya ukuta Bi Kulia aliuliza kwa mshangao, "Kumbe kuna mlango wa mbele?"

Tukatoka. Mlango wa mbele kweli ulikuwepo, lakini njia ya kuufikia ilipanda kilima kinaitwa Mapafu, na si kilima cha mchezo. Bi Kulia akakitazama, akavitazama vigoda vyake. Ni mimi niliyemshika mkono. Mimi, ninayepanda kwa vituo!

Tunapanda. Kila hatua upepo unaongezeka, na si wa baridi wala wa vumbi, ni upepo wa asubuhi uliopita kwenye majani. Bi Kulia kila anapomeza upepo anapungua na kung'aa. Mashine nyuma anaandika: hatua, hatua, hatua, hatua. Nilimwambia sijachoka, akasema hilo hakuniuliza, ila ataliandika.

"Nitamwambia nini?" Bi Kulia ananiuliza huku tunateremka upande wa pili. "Miaka yote namjua mkono. Uso wake sijauona."

"Piga hodi tu."

Tumefika. Amejiweka sawa kanga, amekohoa. "Hodi!"

"Karibu," ikasema sauti ndani. Mlango ukafunguka.

Wakatazamana. Watu waliolishana miaka arobaini na sita kwa mkono wa tunduni, kila mmoja akiujua mkono wa mwenzake mpaka kovu la kidole, sasa wanaona ule mkono ulikuwa na uso.

"Kumbe u mzuri hivi, shoga yangu," akasema Bi Kushoto.

"Kumbe umekonda hivi, kwa ajili yangu," akasema Bi Kulia, na wakakumbatiana mlangoni, na bati la nyumba likapanda likashuka, likapanda likashuka, sawasawa, halikuruka hata mara moja.

Nilisikia mtu anavuta kamasi nyuma yangu. Mjumbe alikuwa amefunika taa yake kwa kofia.

"Usilie!" nikamwambia. "Umekatazwa kulowa!"

"Sijalia," akasema mashine. "Niko salama." Akaishusha kofia. "Ila."

Nikamfuta kwa ncha ya kanga. Kamati ikanishikilia kwa nguvu zaidi.

"Nisikilize, Mama Mwajabu," akasema alipotulia. "Moyo kukimbia si kosa. Ukuta mpya lazima ugongwe siku za mwanzo, dakta analijua hilo, ndiyo maana nimetumwa. Kosa ni kukimbia pasipo kuandikwa. Mimi nimeandika saa nane *mbio*, wewe umeandika *salama*. Hapo dakta atashindwa kujua amwamini nani, na daktari asiyejua hulaza. Mimi siamui kuhusu Jumamosi. Ila nikisema na wewe ukisema tukawa na neno moja, ana pa kuanzia."

"Na akinilaza?"

"Akikulaza, atakulaza mtu anayemjua."

Haikuwa ahadi, na mimi nilitaka ahadi. Lakini nilipata wepesi fulani hapo, ule unaokuja mtu akiacha kushindana. Nikasema sawa.

Bi Kushoto akatoka na chungu. Akapakua sahani moja, akajaza. Nikasubiri apitishe nusu. Mkono wake wenyewe ulikwenda ukutani kwa mazoea, ukakutana na yule mgeni wa waya, na mgeni akasema kwa adabu, "Njia si hapa, mama." Basi akageuka na sahani nzima akanipa mimi.

"Ya nani hii?" nikauliza.

"Yako. Ilikuwa yako siku zote."

Nikala. Sikumbuki kilikuwa chakula gani. Nakumbuka tu kwamba kila tonge lilishuka likafika mahali ambapo chakula hakijawahi kufika: kwenye vidole vya miguu, kwenye nyonga, nyuma ya mbavu. Nilikula mpaka ukoko. Bi Kulia akanitazama kwa furaha kama aliyepika yeye.

Nilipoinua macho, ua ulikuwa umejaa watu. Ni uani kwetu Morogoro, maturubai yamefungwa, na wanaume barazani wameshika kofia zao mikononi kwa tahadhari, maana wananijua. Mwajabu amekaa juu ya mkeka amefunikwa. Mtu amesema kuwa ndoa imefungwa. Watu wote wamenyamaza wakanigeukia.

Nikamtafuta mashine, nikamwona yuko kiunoni kwangu, mdogo, kimya, taa yake ya kijani inawaka.

"Mwenye nyumba," Bi Kushoto akasema ndani kabisa ya kifua, "chungu kimejaa."

Nikavuta pumzi. Ikaingia, ikaendelea kuingia. Nikafungua kinywa.

Mwanzo ulitoka vizuri, lakini mianzo yangu yote hutoka vizuri. Nikafika katikati. Pale ninapokatikia napajua kama ninavyoijua ngazi mbovu ya nyumbani. Nikapaona panakuja, panakaribia, nikapapita. Ng'ambo yake kulikuwa na kigelegele kingine chote ambacho sikuwahi kukitembelea. Nikaingia. Nikapanda nacho juu ya maturubai, nikateremka nacho, nikakizungusha, nikawaona wanaume wanavaa kofia zao mmoja mmoja. Mwajabu amefunua uso, kinyume cha taratibu zote, anacheka, ananiangalia mimi. Sikuwa na haraka. Kilipofika mwisho nilikimaliza mwenyewe, kwa kupenda.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Niko kitandani kwa Shomari, nyaya zimenizunguka, mashine iko kiunoni, vibandiko vyote saba viko mahali pake. Moyo unagonga taratibu. Nikawasha taa, nikachukua karatasi na kalamu, na kwenye saa nane, kwa kuwa pembeni pamejaa, nikaandika nyuma ya ukurasa: *Nilipiga kigelegele kwa siri. Moyo ulikimbia na kuruka kwa dakika mbili tatu. Niliogopa kusema.* Niliandika mpaka nukta.

Nilikuwa naweka kalamu chini nikasikia hodi mlango wa uani. Nikajifunga kanga nikaenda kufungua. Alikuwa mama mmoja nisiyemjua, jirani wa ukuta wa pili, mikono ina unga wa chapati mpaka kwenye viwiko, macho makubwa.

"Samahani, dada yangu, sijakuamkia vizuri," akasema. "Hivi humu ndani nani ameolewa alfajiri hii?"

"Bado," nikasema. "Ni Jumamosi."

"Ala!" Akanitazama juu mpaka chini, akaziona nyaya, akarudi usoni. "Mwenzio niko jikoni nasukuma, nikasikia. Nikasema hata kama simjui, kigelegele hakiachwi peke yake, nikaitikia. Dada, pumzi ikanikatika mimi. Wewe ukawa bado unaendelea."

Nikamwomba aseme tena.

Akasema tena.